Nasir Khusraw: Mkimbizi aliyeiita milima jela, wenyeji wakamfanya mzee wao

Hebu fikiria umefurushwa mjini, ukatupwa mahali kusikofika gari, huna ndugu wala rafiki karibu, na unajua fika kwamba siku utakayorudi nyumbani ndiyo siku utakayouawa. Nasir Khusraw alipatwa na hayo akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50. Alikuwa msomi, mshairi na mzoefu wa mabaraza ya wafalme. Yapata mwaka 1060 alikimbilia Yumgan, bonde jembamba katika milima ya Badakhshan, Asia ya Kati, na hakutoka huko hadi alipofariki.

Mashairi aliyoyaandika akiwa Yumgan yamejaa malalamiko. Aliliita bonde hilo jela. Alilia upweke, alilia uzee, aliikumbuka Khurasan na bustani zake. Ukiyasoma unamwona mtu aliyeamini kuwa maisha yamempita na kwamba maneno yake hayatafika popote.

Kumbe yalifika. Leo, karibu miaka 1,000 baadaye, watu wa Pamir humwita Pir Shah Nasir, yaani mzee na mwalimu wao wa kiroho. Chemchemi zina jina lake. Mashairi yake huimbwa kwenye matanga. Ilikuwaje mtu aliyeiona milima kama kifungo akageuka kuwa baba wa watu wa milima hiyo?

Tuanze na milima yenyewe, maana bila hiyo hadithi hii haieleweki.

Fungua ramani uitafute Tajikistan. Upande wote wa mashariki ni Pamir, fundo ambapo safu kubwa za milima ya Asia kama Hindu Kush, Karakoram na Tian Shan zinakaribiana. Wenyeji wanaiita paa la dunia, na hawatanii. Sisi tunajivunia Mlima Kenya wenye mita 5,199, na tuna haki. Lakini kilele cha Ismoil Somoni huko Pamir kina mita 7,495. Barabara kuu ya eneo hilo, ile inayopitisha malori ya mizigo, hupanda hadi mita 4,655 mahali paitwapo Ak-Baital. Kama uliwahi kufika Point Lenana, mita 4,985, ukashika kichwa huku unatafuta pumzi, basi unajua hewa ya kimo hicho inavyokuwa nyembamba. Tofauti ni kwamba wewe ulipiga picha ukashuka. Kule watu wanaishi. Mji wa Murghab uko kwenye kimo cha takriban mita 3,600, na Wakirgizi wa eneo hilo hufuga yaki, wale ng'ombe wenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi, na kiangazi hulala kwenye mahema ya duara yaliyofunikwa kwa sufi.

Huo ni upande wa mashariki, ulio kama uwanda mpana wa juu, mkavu na wenye upepo. Upande wa magharibi ni tofauti kabisa. Huko mito imeikata milima ikaacha mabonde yenye kina kirefu, na kila bonde limejifungia kivyake. Mto mkubwa ni Panj, ambao baadaye huwa Amu Darya. Vijiji vimekaa mahali popote ambapo kijito kimeshusha udongo kidogo kutoka juu. Watu hulima ngano na shayiri kwenye vishamba vidogo, wakapanda miaprikoti na miforosadi. Tunda la forosadi hukaushwa na kusagwa likawa unga, na unga huo umewaokoa wengi wakati wa njaa za majira ya baridi, theluji inapofunga njia kwa miezi.

Sasa angalia lugha. Kuna Kishughni, Kirushani, Kiyazgulami, Kiishkashimi, Kiwakhi, na ng'ambo ya mpaka wa China kuna Kisarikoli. Hizi zote ni za ukoo mmoja mkubwa na Kiajemi, lakini Mwakhi akiongea Kiwakhi na Mshughni akijibu kwa Kishughni, hapo hakuna maelewano. Inawabidi wakutane kwenye Kiajemi, kinachoitwa Kitajiki upande mmoja wa mto na Kidari upande wa pili. Ni kama Mluo na Mkikuyu wanavyokutana kwenye Kiswahili. Weka jambo hili akilini, kwa sababu Nasir aliandika kwa Kiajemi.

Yumgan yenyewe iko upande wa Afghanistan wa leo, katika bonde la mto Kokcha. Usidhani ni mahali dunia ilipapasahau. Ukipanda bonde hilohilo unafika Sar-i Sang, kwenye machimbo ya lapisi lazuli, lile jiwe la buluu iliyokolea. Limechimbwa pale kwa maelfu ya miaka. Sehemu ya buluu iliyo kwenye barakoa ya dhahabu ya Farao Tutankhamun ni jiwe la Badakhshan. Yaani mawe ya bonde hilo yalisafiri hadi Misri zamani sana, kabla mtu wetu hajazaliwa. Na yeye pia, kabla hajafungiwa Yumgan, alikuwa amekwenda Misri na kurudi.

Nasir alizaliwa mwaka 1004 huko Qubadiyan, mji wa tambarare kusini mwa Tajikistan ya sasa. Familia yake ilikuwa ya maofisa wa serikali na wenye mashamba, watu wa uwezo. Alisoma hesabu, falaki, falsafa na fasihi ya Kiarabu na Kiajemi. Akaajiriwa katika idara ya fedha, kwanza chini ya Waghaznavi, kisha chini ya Waseljuki walipowang'oa Waghaznavi na kuitwaa Khurasan. Kituo chake kilikuwa Marv, ambayo sasa iko Turkmenistan. Kazi ilikuwa ya kukusanya kodi na kusimamia mapato. Mshahara mnono, heshima, marafiki wa ikulu, karamu na mvinyo. Kwa lugha ya siku hizi, jamaa alikuwa amefika.

Vuli ya mwaka 1045 alitumwa safari ya kikazi. Njiani akakaa Juzjan karibu mwezi mzima, na yeye mwenyewe alikiri kwamba mwezi huo alikunywa mvinyo mfululizo. Usiku mmoja akaota ndoto. Mtu fulani alimwuliza ataendelea kunywa hadi lini. Nasir alijitetea kwamba wenye hekima hawajapata dawa nyingine ya kupunguza huzuni za dunia. Yule mtu akamjibu kuwa kupoteza akili si kupumzika, akamwonyesha upande wa Kibla, akatoweka. Nasir aliamka akijiona kama aliyelala usingizi wa miaka 40. Alirudi Marv, akajiuzulu, akalipa madeni yake, na mwezi Machi 1046 akaondoka pamoja na mdogo wake Abu Said na kijana mmoja mtumishi kutoka Bara Hindi.

Sidhani kwamba ndoto moja inatosha kumtoa mtu kwenye kazi kama ile. Maswali yake ya kifalsafa yalikuwa yamechemka kwa miaka mingi, na ndoto ilifunua tu kifuniko. Lakini tukubali kwamba wengi huamka na maswali hayohayo Jumatatu asubuhi, wakaenda kazini vilevile.

Safari ilichukua karibu miaka saba. Alipitia Nishapur, Tabriz, Aleppo, Tripoli na Yerusalemu, akahiji Makka, na mwezi Agosti 1047 akaingia Kairo. Kitabu chake cha safari, Safarnama, kinasomwa hadi leo, na uzuri wake ni kwamba kimeandikwa na mtu wa kodi. Jamaa alipima. Yerusalemu alipima kuta za eneo takatifu. Kila mji aliuliza bei ya vitu, maji yanatoka wapi, ngome ina milango mingapi. Hakuandika majini wala nchi za watu wenye vichwa viwili, kama walivyofanya wasafiri wengine wa zamani.

Kairo ilimteka. Ilikuwa makao ya Ukhalifa wa Wafatimi, na khalifa alikuwa al-Mustansir, kijana wa miaka 18 hivi. Nasir aliandika kuhusu maghorofa ya Fustat, mji pacha wa Kairo, mengine ya ghorofa saba, mengine 14. Aliambiwa kuhusu mtu aliyepandisha ndama juu ya paa la jengo la ghorofa saba, akamlea huko hadi akawa fahali, kisha akamfunga kwenye gurudumu la kuvuta maji ili kumwagilia bustani ya juu ya paa, yenye michungwa na migomba. Alielezwa kuwa punda wa kukodisha walikuwa 50,000, wamesimama na matandiko yao kwenye milango ya masoko na mitaa wakingoja abiria. Mwanabodaboda wa Nairobi angejisikia nyumbani. Mfanyabiashara aliyewapunja wateja alipandishwa juu ya ngamia, akapewa kengele, akazungushwa mjini huku akitangaza kosa lake mwenyewe. Na mto Nile ulipofurika, kipimo chake kilitangazwa kila siku, kwa sababu kodi ya ardhi haikutozwa hadi maji yafike dhiraa 18. Unaweza kumwona karani wa zamani akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kuna jambo kubwa ambalo kitabu hicho hakilisemi waziwazi. Kairo ndiko Nasir alikopata jibu alilolitafuta. Wafatimi walikuwa Waismaili, tawi la Washia linaloamini kwamba kila zama ina Imamu aliye hai, na kwamba maandiko yana maana ya nje na maana ya ndani. Imamu wa wakati huo ndiye huyo al-Mustansir. Kwa Nasir, dini iliyoketi meza moja na falsafa ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Alisoma chini ya wanazuoni wa Kifatimi, akiwemo al-Mu'ayyad fi'l-Din al-Shirazi, na alipoondoka Misri alikuwa amekabidhiwa cheo cha hujja, mkuu wa ulinganiaji katika Khurasan yote. Kwa maneno mengine, alirudishwa kwao akiwa balozi wa wapinzani wa serikali aliyokuwa ameifanyia kazi. Waseljuki walikuwa Wasunni, wakimtambua khalifa wa Baghdad. Aliyefanya kazi ya Kairo mle alikuwa anacheza na moto.

Njia ya kurudi ilimpitisha Makka tena, kisha jangwa la Uarabuni, na hapa kuna ukurasa unaotuhusu. Alifika Lahsa, mashariki mwa Uarabuni, dola ya Wakarmati. Alishangaa kwamba raia hawakutozwa kodi, kwamba nafaka ilisagwa bure kwenye vinu vya serikali, na kwamba mtu akifilisika alikopeshwa mtaji bila riba. Pazuri, si ndiyo? Kisha, kwa utulivu uleule wa mpiga hesabu, aliandika kwamba dola hiyo ilikuwa na watumwa 30,000 walionunuliwa, Wazanji na Wahabeshi, wanaolima mashamba na bustani. Wazanji ni jina ambalo waandishi wa zamani waliwapa watu weusi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ingawa wengine walilitumia kiholela. Raia walipata unga wa bure kwa jasho la waliochukuliwa huku kwetu. Nasir hakulalamika kuhusu hilo. Alihesabu tu, akaendelea na safari. Mimi hupata shida kuupita ukurasa huo haraka kama alivyoupita yeye.

Kabla ya Lahsa alikuwa amekwama miezi minne Falaj, oasisi maskini katikati ya jangwa, ambako wanaume walikwenda kusali wakiwa wamebeba panga na ngao. Hakuwa na pesa. Alichokuwa nacho ni vitabu, na pale havikuwa na mnunuzi. Basi alilala msikitini, na siku moja akachukua rangi nyekundu na ya buluu akapamba ukuta. Wenyeji hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. Wakamwomba apambe mihrabu, wakamlipa tende, mzigo mkubwa wa kuwatosha kwa muda mrefu. Hatimaye Mwarabu mmoja alikubali kuwafikisha Basra kwa deni la dinari 30. Vitabu vilipakiwa kwenye ngamia, mdogo wake akapanda juu, Nasir akatembea kwa miguu.

Waliingia Basra mwishoni mwa mwaka 1051 wakiwa wamechakaa kweli. Nywele hazikuwa zimekatwa kwa miezi, nguo zilikuwa matambara. Nasir aliuza mifuko ya vitabu, akapata vijisenti, akavifunga kwenye karatasi ampe bawabu wa hamamu ili waruhusiwe kuoga kwa utulivu. Bawabu aliwatazama, akawadhania wendawazimu, akawafukuza. Watoto waliokuwa nje wakawarushia mawe huku wakipiga kelele.

Muda si muda, kupitia mtu aliyemfahamu, habari zake zikamfikia waziri mmoja aliyekuwa mjini. Waziri alimwita, lakini Nasir aliona aibu kwenda na matambara yale, akamwandikia barua. Alijua barua ndiyo itakayoonyesha yeye ni nani. Waziri alituma dinari 30 za nguo, kisha akalipa na deni la yule Mwarabu. Siku chache baadaye Nasir na mdogo wake walirudi kwenye hamamu ileile wakiwa wamevaa vizuri. Wafanyakazi wote walisimama, wakawasugua na kuwahudumia. Katikati ya kuoga akawasikia wakinong'onezana kwa Kiarabu kwamba hawa si ndio tuliowafukuza juzi? Walidhani haelewi. Nasir akawageukia, akawajibu kwa Kiarabu safi kwamba naam, ndio sisi, tuliokuwa na magunia mgongoni. Mtu yule akaona haya, akaomba radhi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa kizuri zaidi katika kitabu chote, na alikiandika bila hasira hata chembe.

Oktoba 1052 alifika Balkh, kaskazini mwa Afghanistan, akakutana na ndugu yake mwingine ambaye alikuwa amekata tamaa ya kumwona tena. Safarnama inaishia hapo, kwenye kukumbatiana. Laiti maisha nayo yangeishia hapo.

Nasir alianza kazi aliyotumwa. Alihubiri, akajadiliana na wanazuoni, akavuta wafuasi. Haikuchukua muda mrefu kabla ya upinzani kuwaka. Alitangazwa mzushi, akashambuliwa, akapoteza nyumba na mali, akakimbia. Miaka michache baadaye tunampata Yumgan, chini ya ulinzi wa mwana wa mfalme wa Badakhshan, Ali ibn al-Asad, ambaye mwenyewe alikuwa Mwismaili na mpenzi wa elimu. Waseljuki walikuwa na majeshi makubwa yaliyoteka miji kuanzia Asia ya Kati hadi Baghdad. Lakini kupeleka wapanda farasi kwenye mabonde ya Badakhshan kumsaka mshairi mmoja, hilo lilikuwa jambo jingine.

Hapo ndipo ajabu ilipo. Milima aliyoilaumu kwa kumfungia ndani ndiyo iliyowafungia maadui zake nje. Alipata miaka ya kuandika. Mwaka 1070, kwa ombi la huyo Ali ibn al-Asad, alikamilisha Jami al-Hikmatayn, kitabu kinachojaribu kupatanisha falsafa ya Wagiriki na hekima ya dini. Diwani yake ilinenepa hukohuko. Alifariki Yumgan katika miaka ya 1070 au baadaye kidogo.

Milima ikaendelea kufanya kazi yake hata baada yake. Mwaka 1256 Wamongolia waliivunja Alamut, ngome kuu ya Waismaili huko Uajemi, na jamii nyingi za tambarare zikasambaratika au zikajificha. Mabonde ya Pamir yalibaki. Watu walinakili vitabu kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, vikiwemo vya Nasir ambavyo kwingineko vilikuwa vimepotea au kusahauliwa. Wataalamu kutoka Urusi walipofika huko mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta nakala katika nyumba za wakulima.

Nyumba hizo nazo zinasomeka kama kitabu. Nyumba ya Kipamiri ina chumba kikubwa kimoja chenye nguzo tano za mbao, na Waismaili wanazihesabu kwa majina ya Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein. Juu katikati ya paa kuna dirisha la mwanga lililojengwa kwa miraba minne, mmoja ndani ya mwingine, na wenyeji watakuambia kuwa ni udongo, maji, hewa na moto. Wachunguzi wengi wanaona kwamba muundo huu ni wa kale kuliko Uislamu, na huenda maana mpya zilivishwa juu ya za zamani. Ni tabia ya huko. Hawatupi kitu, wanakipa jina jingine.

Masimulizi yanasema Pir Shah Nasir alipita kijiji hadi kijiji katika mabonde hayo akifundisha. Huko Porshinev, karibu na mji wa Khorog, kuna chemchemi ambayo watu husema aliitoa ardhini kwa kupiga fimbo yake. Hata ibada ya kuwasha taa, Charagh Rawshan, wanaihesabu kuwa aliianzisha yeye. Familia ikifiwa, majirani hukusanyika usiku, kondoo huchinjwa, utambi wa pamba husokotwa na kuwashwa, na maandishi ya Kiajemi husomwa. Waimbaji hupiga rubabu na kuimba mashairi ya dini, ya Nasir yakiwemo. Waombolezaji nyumbani kwao huongea Kishughni au Kiwakhi, lakini usiku huo kila bonde huimba kwa Kiajemi chake.

Baadaye mipaka ilikuja na kuwapasua. Uingereza, iliyoshika India, na Urusi, iliyokuwa ikisogea kusini, hazikutaka kugusana. Kwa makubaliano ya mwaka 1873 na 1895 zikatenga ukanda mrefu na mwembamba wa Wakhan na kuupa Afghanistan, ukae katikati kama godoro. Mto Panj ukawa mpaka. Vijiji vilivyooana kwa karne nyingi vikajikuta katika nchi mbili, na enzi za Usovieti mpaka huo ukafungwa kabisa. Mtu aliweza kuona moshi wa jiko la shangazi yake ng'ambo ya maji na asiweze kumfikia. Waliochorewa mipaka na Wazungu hawahitaji kuelezwa zaidi. Wawakhi peke yao leo wamegawanyika katika nchi nne: Tajikistan, Afghanistan, Pakistan na China.

Usovieti ulipoanguka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Tajikistan, 1992 hadi 1997, na Pamir ikakosa chakula. Msaada ulioingia kwa wingi ulitoka kwa shirika la Aga Khan, Imamu wa Waismaili wa leo, ambaye nasaba yake inahesabiwa hadi kwa al-Mustansir yule wa Kairo. Aga Khan wa Nne, aliyeishi Nairobi utotoni, alifika Badakhshan kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na maelfu ya watu wakajaa kingo za Panj. Ukipita Parklands ukaiona hospitali yenye jina hilo, jua kwamba shirika la jina lilelile lilisaidia kujenga daraja la Tem mjini Khorog, lililofunguliwa mwaka 2002 na kuunganisha kingo mbili za mto huo.

Kaburi la Nasir liko Yumgan, jengo dogo la udongo juu ya mwamba. Waliolitunza kwa vizazi ni Wasunni, na kwao mzee huyo alikuwa walii wa Kisufi, Sunni kama wao. Wapamiri wa Tajikistan wanaomwita Pir wako ng'ambo ya mto na mpaka, na tangu Taliban waliporejea mamlakani Kabul mwaka 2021, mpaka huo una ulinzi mkali. Wengi wao wameliona kaburi hilo kwenye picha tu.